Mgawo wa Hewa

Katika nchi moja ambayo jina lake, wakati mambo haya yanatokea, lilikuwa limepelekwa kwa wataalamu kufanyiwa ukarabati, aliishi mtu mwenye bahati kuliko raia wenzake wote. Hakuwa waziri, wala hakuwa shemeji wa waziri. Alikuwa mpishi wa bia. Aliitwa Lwitiko Sambala, Fundi Mkuu wa Kiwanda cha Bia cha Taifa, na bahati yake ilikuwa hii: kila Sikukuu ya Ukombozi Mtukufu Kiongozi alipanda jukwaani, akainua kikombe cha bia ya Lwitiko mbele ya umati, akapiga funda moja, akapangusa povu kwenye masharubu na kusema, "Ahsante, Lwitiko."

Basi, hayo tu. Lakini katika nchi ambayo Mtukufu hakuwahi kumshukuru mtu mwingine yeyote, hata daktari aliyemng'oa jino, maneno hayo yalikuwa kama cheo. Lwitiko aliyavaa mwaka mzima. Aliyavaa sokoni, aliyavaa kanisani, na mkewe, Mama Tumsifu, alidai kwamba aliyavaa hadi kitandani.

Na tuseme kweli, bia yake ilikuwa bia. Shayiri aliiotesha mwenyewe, akaikausha kwa moto wa taratibu mpaka ikanukia kama mkate unaotoka jikoni kwa jirani. Aliichachusha katika tangi kubwa la wazi, la mtindo wa kizamani, ambalo povu lake lilipanda juu na kujikunja kama kilemba. Juu ya tangi hilo palining'inia waya wenye mshumaa. Mtu asiyejua angedhani ni mambo ya ibada. Kumbe bia inapochachuka hutoa hewa nzito isiyoonekana, inayojilaza juu ya povu kimya kama paka, na mtu akiiinamia na kuivuta, hulala, na asipotolewa haraka, haamki. Kwa hiyo Lwitiko kabla ya kuinama aliteremsha mshumaa. Ukiwaka, aliinama. Ukizima, aliwaambia wafanyakazi, "Leo bibi harusi hataki wageni," wakafungua madirisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Waziri wa Vinywaji na Heshima, Mheshimiwa Gombera, aliporudi kutoka ng'ambo.

Mheshimiwa Gombera alikuwa na desturi ya kurudi na jambo. Safari moja alirudi na wazo la theluji, nusura taifa lifilisike. Safari hii alirudi akisema kwamba wenzetu walioendelea hujenga kiwanda kidogo cha wiski ndani ya kiwanda cha bia, na kwamba nchi isiyo na kiwanda ndani ya kiwanda ni nchi yenye viwanda vichache.

Shida ilikuwa mtaalamu. Katika nchi hiyo kutonesha pombe kali, yaani kuichemsha na kukinga matone ya mvuke wake, kulikuwa kosa la jinai, na waliojua kazi hiyo wote walikuwa gerezani. Waziri akaenda gerezani. Akamtoa mwanamke mmoja aitwaye Chausiku, mpika gongo maarufu wa bonde la mto, mwenye meno meupe na ulimi usiolala. Kosa lake likabadilishwa jina, likaitwa ujuzi. Askari yule yule aliyemkamata akapewa kazi ya kumbebea mtambo wa shaba, aliokuwa ameuvunja kwa nyundo na sasa akaamriwa auunge.

Wakampa chumba pembeni mwa kiwanda, palipokuwa stoo ya viti vilivyovunjika katika mikutano ya mshikamano. Siku ya kwanza alikuja kwa Lwitiko akiwa amejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Bia."

"Asubuhi yote hii?"

Chausiku akacheka. "Si ya kunywa, kaka yangu. Ya kupika. Wiski huanza na bia changa, isiyotiwa yale maua yako ya uchungu. Mheshimiwa kasema utakuwa unanipikia wewe, mimi ndiyo naitia kwenye mtambo."

"Yaani mimi nipike, halafu wewe upike nilichopika?"

"Ndiyo."

"Na bia yangu inakuwaje?"

"Roho yake inapanda na mvuke naikinga. Maji yanayobaki namwaga."

"Unamwaga!"

"Nawapa nguruwe basi, kama inakuuma."

Alionja kutoka kwenye tangi, akafumba macho, akayafumbua. "Nzuri sana hii, Fundi. Wallahi nzuri. Ni mwanzo mzuri."

Ni mwanzo mzuri! Lwitiko alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkwaruza kama kiatu kipya. Alikataa chakula.

"Kasema mwanzo," alimwambia mkewe. "Miaka yote hii nilikuwa mwanzo."

"Si kasema nzuri?" Mama Tumsifu alikuwa akipepeta mchele. "Sikia, Baba Tumsifu, siku hizi ukiongea ni Chausiku, ukinyamaza ni Chausiku. Mwanamke mwingine angekasirika. Mimi nakuonea huruma tu, maana naona humtaki yeye, unautaka mtambo."

Alifikiria kumpa Chausiku bia mbovu. Hata jioni moja alisimama na ndoo ya maji machafu juu ya tangi lililotengwa kwa ajili ya wiski. Mkono haukumtii. Hakuwahi kupika bia mbovu maishani, na hakuwa tayari kuanza kwa ajili ya mwanamke wa gongo. Akamwaga maji nje, akarudi, na kwa hasira akampikia bia bora kuliko aliyowahi kumpikia Mtukufu, ili huyo mwenye maneno ya mwanzo mzuri akose la kusema.

Chausiku hakukosa. "Ehee," alisema akionja. "Sasa tunaelewana."

Wiski ikatoneshwa, nyeupe kama machozi, ikatiwa mapipani ilale, miti ya mapipa iitie rangi. Na wageni wakaanza kuja. Mabalozi walikuja, wake wa majenerali walikuja. Walipita mbele ya tangi la Lwitiko wakishikilia pua, wakauliza, "Kile chumba kidogo kiko wapi?" Kidogo! Yeye alikuwa na jumba lenye paa refu kama la kituo cha treni, nao wakataka kidogo. Wakafika kule, wakagonga mapipa kwa vidole, wakatikisa vichwa, wakasema, "Aisee," ingawa hapakuwa na cha kuona isipokuwa mapipa.

Wivu una macho makali. Lwitiko, aliyekuwa na tabia ya kuchungulia stoo ile Chausiku akienda kula, akagundua jambo: mapipa yalikuwa yakipungua. Hayakuvuja, na hakuna aliyechota. Lakini ukigonga, sauti ya utupu ilikuwa imeshuka chini kuliko jana yake.

Akaenda moja kwa moja kuripoti kwa Tume ya Vinavyopungua.

Msomaji wa nchi nyingine huenda asiielewe tume hii. Katika nchi ile kila kitu kilipungua: dawa hospitalini, saruji madarajani, kura masandukuni. Kupungua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kitu kupungua bila mpunguzaji kujulikana, maana huo ndio ulikuwa wizi. Kazi ya Tume ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kilichopungua kimepunguzwa na mtu mwenye cheo kinacholingana na upungufu huo.

Tume ikaja na meza yake, kitambaa chake na jagi lake la maji, lililokuwa nusu. Chausiku akaitwa mbele.

"Kinywaji cha taifa kinapungua," alisema Mwenyekiti. "Nani anakula?"

"Hewa, mheshimiwa."

Lwitiko, aliyeketi mstari wa mbele, akaukunja mguu juu ya mwenzake kwa raha.

"Hewa," alirudia Mwenyekiti. "Hewa ya nani?"

"Hewa tu. Pipa ni mti, na mti unapumua. Kidogo kidogo kinapotea. Dunia nzima ndivyo ilivyo. Ukiziba pipa lisipumue, huna wiski, una gongo yenye nguo."

"Na hiyo hewa ilipewa kibali na nani?"

"Haijaomba."

"Ina cheo gani?"

"Mheshimiwa, hata wewe unaivuta hapo ulipo."

Mwenyekiti akaacha kupumua kwa muda, kwa tahadhari. Tume ikaenda faragha. Ilipotoka, Lwitiko alikuwa amekwisha kumwona Chausiku, katika fikra zake, akirudishwa gerezani na mtambo wake mgongoni. Mwenyekiti akasoma: kwa kuwa hewa yote iliyo juu ya ardhi ya nchi ni mali ya Serikali, na kwa kuwa hewa ya stoo ile imekunywa kinywaji kilichoiva kuliko vyote nchini, na kwa kuwa si haki hewa hiyo kuvutwa na watu wasio na wadhifa, kwa hiyo upungufu ni halali, na Mheshimiwa Gombera anateuliwa kuivuta hewa hiyo kwa niaba ya umma.

"Kwa hiyo hafungwi?" alipaza sauti Lwitiko.

"Afungwe kwa nini?" Mwenyekiti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mpunguzaji amepatikana."

Tangu siku hiyo stoo ya viti vilivyovunjika ikawa mahali patakatifu. Mheshimiwa Gombera alikuja kila wiki, akafunguliwa mlango, akasimama katikati ya mapipa na kuvuta hewa mpaka vifungo vya koti vikalia. Makatibu wakuu wakaomba wavute baada yake. Wakuu wa mikoa wakaomba wavute mlangoni. Mtunzi wa Serikali hakuachwa nyuma. Akatunga, na watoto wa shule wakaimbishwa:

*Kavuta hewa Mkuu, nasi sote tukapona,*
*Pua yake ni nafuu, na vipofu wakaona,*
*Ameishusha ya juu, mawingu yakaungana,*
*Pua moja kwa taifa, zetu sisi ni za nini?*

Lwitiko alisikia wimbo huo ukipita dirishani huku akikoroga kimea. Yeye bia yake ilikuwa imenywewa na watu wa vizazi viwili, na hakuna aliyemtungia hata ubeti.

Halafu likaja pigo lenyewe. Mheshimiwa Gombera alifika kutangaza ratiba ya Sikukuu ya Ukombozi. Mwaka huu, alisema, Mtukufu hatapanda jukwaani kunywa bia. Atakuja kiwandani mwenyewe, avute hewa ya wiski, na umati utasikilizishwa pumzi yake kwa vipaza sauti.

"Na kikombe?" aliuliza Lwitiko. "Na lile neno?"

"Neno gani?"

"Ahsante, Lwitiko."

"Ah, hilo!" Waziri akampigapiga begani. "Mambo yanabadilika, ndugu yangu. Kunywa ni zamani. Watu wa sasa wanavuta."

Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalie. Lwitiko alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa na mbio kuliko akili yake. "Mheshimiwa," alisema, "kama ni hewa, tangi langu linatoa hewa kuliko mapipa yote ya yule mama. Kwake inatoka kwa kunyata. Kwangu inafoka! Unaiona kwa macho, povu linacheza."

Macho ya Waziri yakang'aa. "Nyingi?"

"Ya kuwatosha wabunge wote."

Wakati huo huo ikaandikwa: Mtukufu avute kwanza kwenye tangi la Fundi Mkuu, kisha stoo. Lwitiko alitoka mabega yakiwa juu. Mlangoni alikutana na Chausiku, aliyekuwa amesikia yote na, kwa mara ya kwanza, hakuwa akicheka.

"Fundi, umefanya nini? Ile hewa yako inaua."

"Nitaweka mshumaa. Nitamsimamisha kwa mbali, avute ya ukingoni, nisikie neno langu, basi. Au unaogopa kwamba atapenda ya kwangu?"

"Naogopa kwamba ataipenda mno."

"Wivu huo," alisema Lwitiko, naye akaamini kabisa alichosema.

Sikukuu ikafika. Kiwanda kikapakwa chokaa mpaka kwenye magunia. Madirisha yote yakafungwa na Mkuu wa Itifaki, ili hewa isivuje kabla ya mwenyewe kufika. Kisha Mkuu huyo akauona mshumaa ukining'inia.

"Hii nini?"

"Ni kipimo, mzee. Nikiuteremsha ukazima, ina maana..."

"Moto na Mtukufu havikai chumba kimoja." Akaukata waya, akautia mshumaa mfukoni mwa koti lake kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, huko ambako umeme pia ulikuwa ukipunguzwa.

Mtukufu akaingia. Alikuwa mtu mfupi kuliko picha zake. Akalisogelea tangi, povu likicheza kama lilivyoahidiwa, akapanda kingazi kilichofunikwa zulia, akashika ukingo kwa mikono miwili. Lwitiko alisimama hatua chache kando yake, na nyuma ya Mtukufu walipangana mawaziri, majenerali na Tume nzima ya Vinavyopungua.

"Niiname?" aliuliza Mtukufu.

Chausiku, mlangoni mwa stoo yake, alimtazama Lwitiko usoni. Aliinua kidole kimoja tu, akakipuliza kama mtu anayezima mshumaa.

Neno lilikuwa limemfika Lwitiko kooni: Usiiname. Ni neno dogo. Lakini kulisema kulikuwa kukiri mbele ya mwanamke huyu, mbele ya taifa na vipaza sauti vyake, kwamba hewa ya chumba chake kidogo ni tamu, na ya jumba la Lwitiko ni sumu. Alilishikilia neno hilo mdomoni kama mtu aliyeng'ata pilipili. Kisha akalimeza.

Mtukufu akainama, akavuta. Nje umati ulisikia pumzi ndefu ikiingia, ukashangilia. Hawakusikia ikitoka. Mtukufu alilaza kifua juu ya ukingo, kichwa kikining'inia ndani, masharubu yakizama katika povu.

Hapa ndipo nchi ile ilipoonyesha mshikamano ambao mataifa mengine huusoma vitabuni tu. Hakuna waziri aliyejua kama kulegea huku kumo katika ratiba. Lakini kila mmoja alijua kwamba Mtukufu akiwa ameinama, si adabu kusimama. Mheshimiwa Gombera akawa wa kwanza: akainama ukingoni, akavuta kwa nguvu ili aonekane, akalegea. Wakafuata wengine wakisukumana kwa viwiko kugombea nafasi. Majenerali waliinama kwa mkupuo. Mwenyekiti wa Tume aliinama. Walinzi, waliofunzwa kumlinda Mtukufu dhidi ya kila kitu isipokuwa kuigwa, nao wakainama. Mkuu wa Itifaki alichelewa kwa kuwa alikuwa akiwapanga waliolala kwa vyeo, alipomaliza, akainama.

"Madirisha!" Chausiku alikuwa amekwisha kuchukua nyundo yake ya mapipa, na vioo vikaanza kulia. "Lwitiko! Umesimama unaangalia nini? Vuta watu wako!"

Ndipo miguu yake ikazinduka. Akabana pumzi, akamshika Mtukufu kiunoni, akamvuta, akamburuta hadi penye upepo. Akarudi, akavuta mwingine, akarudi, huku Chausiku akivunja na kutukana, kila kioo na tusi lake. Walipomaliza, Serikali yote ilikuwa imelazwa uani kwenye chokaa mbichi, ikikohoa.

Lwitiko alipiga magoti kando ya Mtukufu akingoja kukamatwa. Hakuona aibu, aliona kwamba Chausiku anamtazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mtukufu akafumbua macho. Povu lilikuwa kwenye nyusi. "Nimekuwa wapi?" aliuliza, na kabla mtu hajathubutu kujibu, akajijibu: "Palikuwa kimya. Hapakuwa na mtu anayeomba kitu." Akamshika Lwitiko mkono. "Ile ya mapipa hata haijawahi kumwangusha waziri mmoja. Hii imeangusha Serikali nzima. Ahsante, Lwitiko."

Redio ilitangaza jioni kwamba uongozi wote ulizama katika tafakuri ya pamoja. Hewa ya tangi ikatangazwa rasilimali ya ulinzi, na Lwitiko akateuliwa kuwa Mkurugenzi wa Hewa ya Taifa, akapewa ofisi ghorofani yenye kapeti na kiyoyozi, na nishani kubwa kama kisosi. Tangi lake akakabidhiwa binamu wa Mkuu wa Itifaki, kwa kuwa mkurugenzi hapaswi kunuka hamira. Amri ya kwanza ya binamu ilikuwa kulifunika tangi kwa chuma na kulipiga makufuli, rasilimali ya ulinzi isitoroke.

Wanaojua bia wanajua kilichofuata. Tangi lilivumilia kwa siku chache, kwa uzalendo. Kisha likapasuka. Paa lilikutwa mtaa wa pili. Kiwanda kikafungwa kwa ajili ya ukarabati, kikawekwa foleni nyuma ya jina la nchi, na bia ikawa inaletwa kutoka nje katika makopo yenye picha ya Mtukufu akiwa amefumba macho. Stoo ya Chausiku ilibaki imesimama. Lakini bila bia changa hakuwa na cha kutonesha. Alikaa tu na mapipa yake yaliyokuwa yamelala.

Miaka ilipita. Katika Sikukuu za Ukombozi Mtukufu alifungua kopo. Hakumshukuru mtu.

Siku moja mlango wa Mkurugenzi wa Hewa uligongwa, akaingia Chausiku na kanga yake kiunoni. Alitazama kapeti, akatazama nishani, akatazama mikono ya Lwitiko iliyokuwa imelainika kama ya mtoto.

"Za siku nyingi, Fundi."

Hakuna aliyekuwa amemwita Fundi tangu apande ghorofani. "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuletea bia yako."

"Bia yangu ilirushwa na paa."

Chausiku akatoa chupa ndogo chini ya kanga, akaiweka mezani. Ilikuwa na rangi ya asali ya porini. "Unaikumbuka ile uliyonipikia kwa hasira? Nilikuona siku ile na ndoo yako ya maji machafu. Ukayamwaga nje. Nikasema, huyu mwanamume ana wivu mbaya sana, lakini mikono yake haina."

Lwitiko alimimina kidogo katika kifuniko cha chupa, akaonja. Kwanza moto, halafu mti. Halafu, polepole, kwa nyuma, kama mtu anayemwita kutoka chumba cha ndani, ikaja harufu ya mkate unaotoka jikoni kwa jirani: shayiri yake, aliyoiotesha mwenyewe, aliyoikausha kwa moto wa taratibu. Alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Chausiku akatazama pembeni.

"Ya kwangu," alisema mwishowe.

"Ya kwetu."

Aliitafakari hiyo "kwetu" kwa uchungu, akaona hana budi kuipokea. "Na iliyobaki? Pipa lilikuwa limejaa."

"Si unajua. Nyingine imechukuliwa na hewa."

Mkurugenzi wa Hewa ya Taifa akatazama dirisha lililokuwa wazi, akatazama pazia likipumua taratibu kama mlevi aliyeshiba, na ule wivu wake wa zamani ukaamka ukiwa mzima, wenye meno yote. Akainyakua chupa, akaikumbatia kifuani, akauziba mdomo wa chupa kwa kiganja.